Faida ya Tiketi: Lini ni Biashara, Lini ni Jinai

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya viongozi wa matawi ya mashabiki wa soka na waandaaji wa matamasha. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa matawi, waandaaji, wadau wote wa michezo na burudani, itifaki imezingatiwa.

Swali nililopewa ni moja, nami nitalijibu mapema ili hata atakayesinzia asiondoke mikono mitupu. Mtu kanunua tiketi ya mechi kwa shilingi 10,000. Siku ya mchezo tiketi zimekwisha. Anaiuza yake kwa 40,000. Je, kavunja sheria?

Ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kisha ukafungua ya Kenya, hukuti kifungu kinachosema kuuza tiketi ya burudani kwa faida ni kosa. Hakipo. Ile 30,000 ya juu, yenyewe kama yenyewe, si jinai. Nasikia miguno, na ninaielewa. Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, sukari na sabuni zikifichuliwa stoo. Tangu siku zile wengi wetu tumebaki na imani kwamba kulangua ni jinai kwa jina lake tu. Sivyo.

Lakini walanguzi mliojificha huko nyuma, msishangilie bado. Sheria haianzi kwa kuuliza umepata faida kiasi gani. Inauliza tiketi uliipataje. Inauliza ulimwambia nini uliyemuuzia. Na inauliza tukio lenyewe ni lipi. Katika maswali hayo matatu ndimo watu wanamofungwa.

Tuanze na tiketi yenyewe. Ukinunua jogoo sokoni, jogoo ni wako: mfuge, mchinje, muuze kwa bei uitakayo, aliyekuuzia hana la kusema. Je, tiketi ni jogoo?

Mwaka 1845 mahakama ya Uingereza ilikutana na swali hilo katika kesi ya Wood dhidi ya Leadbitter. Bwana Wood alikuwa na tiketi ya jukwaa la mbio za farasi huko Doncaster, kailipia gini moja, kipimo cha pesa cha Uingereza ya zamani. Wenye mbio wakamwambia atoke. Akagoma. Wakamtoa kwa nguvu, naye akaenda kushtaki kwamba kashambuliwa. Akashindwa. Mahakama ilisema alichonunua ni ruhusa tu ya kuwa katika ardhi ya mtu, na mwenye ardhi akiiondoa ruhusa, aliyebaki ndani ni mvamizi. Miaka 70 baadaye, mwaka 1915, katika kesi ya Hurst dhidi ya Picture Theatres, mtazamaji wa sinema aliyelipa kiingilio chake alitolewa nje kwa kudhaniwa hakulipa. Yeye alishinda, akapewa fidia ya pauni 150. Kwa hiyo ruhusa iliyolipiwa haiondolewi ovyo. Lakini ilibaki kuwa ruhusa. Haikugeuka kuwa jogoo.

Mtaniuliza, farasi wa Doncaster wanatuhusu nini sisi? Wanatuhusu kwa sababu sheria iliyokuzwa na mahakama zile ndiyo tuliyorithi: Tanzania Bara ilichukua sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Wanasheria mliotoka Kenya mmeshaona kwamba kesi ya 1915 iko nje ya tarehe yenu. Hilo tutabishana wakati wa chai.

Sasa shika matokeo yake. Kama tiketi ni ruhusa, mwandaaji anaweza kuipa masharti: hairuhusiwi kuuzwa tena, haihamishiki, ikiuzwa inafutwa. Mwenye tiketi akikiuka, kavunja mkataba. Polisi hawaji. Kinachotokea ni kwamba tiketi inazimwa kwenye mfumo, na anayeumia ni yule wa mwisho aliyeishika. Huyo hana mkataba na mwandaaji, kwa sababu hakununua kwake. Dai lake ni dhidi ya aliyemuuzia tu. Na aliyemuuzia ni nani? Kijana wa fulana nyekundu aliyesimama karibu na muuza mahindi. Mtafute.

Waandaaji, hapa kuna kosa mnalolifanya kila msimu. Sharti la kukataza kuuza tena mnaliandika nyuma ya tiketi kwa maandishi ya sisimizi, au mnalituma kwa barua pepe baada ya malipo. Mwaka 1971, katika kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, gari la mtu liliingia maegesho, mashine ikatoa tiketi, na tiketi ikasema masharti yamebandikwa ndani. Mtu yule akaumia mle ndani, kampuni ikajikinga na masharti yake. Mahakama ilikataa: mkataba ulishafungwa mashine ilipotoa tiketi, na sharti lililokuja baada ya hapo limechelewa. Kwa hiyo, sharti liwe juu ya kitufe cha kulipia. Kama mnauza kwa menyu ya simu, liwe kwenye ukurasa wa kabla ya namba ya siri, sentensi moja ya Kiswahili cha kueleweka: "Tiketi hii haiuzwi tena ila kupitia mfumo huu, ikiuzwa nje itafutwa." Mteja abonyeze 1 kukubali. Na mfumo wenu utunze kumbukumbu ya kubonyeza huko, pamoja na saa na tarehe. Bila kumbukumbu hiyo, siku ya ugomvi mtakuwa mnasimulia tu.

Ndugu zangu, nimesema tukio lenyewe ni lipi. Ziko nchi ambazo faida ile ya 30,000 ni jinai, na wakati mwingine hata bila faida ni jinai.

Tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza. Msongamano ulichukua maisha ya watu 97. Sitaki mtu aondoke hapa akisema walanguzi ndio walioua. Hilo si kweli, na familia za marehemu zilipigana miongo mingi kuondoa uongo uliowabebesha mashabiki lawama. Lakini Jaji Taylor, katika ripoti yake kuhusu usalama wa viwanja, aliangalia pia tiketi zinazouzwa mkononi siku ya mechi. Klabu hupanga mashabiki wa timu mbili pande tofauti. Mlanguzi yeye humuuzia yeyote aliye na pesa, na shabiki wa wageni anajikuta katikati ya wenyeji. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya makosa ya jinai na utulivu wa umma, na kifungu chake cha 166 kikasema: asiyeidhinishwa haruhusiwi kuuza tiketi ya mechi ya soka iliyotajwa. Mwaka 2006 kikarekebishwa ili kiwafikie wanaouza mtandaoni.

Mmeona sheria hiyo haikutaja nini? Haikutaja bei. Uza kwa faida, ni kosa. Uza kwa bei ileile uliyonunulia, ni kosa. Kwa miaka mingi, nje ya uwanja uleule wa Wembley, aliyeuza tiketi ya fainali Jumamosi alikuwa mhalifu, na aliyeuza tiketi ya tamasha Jumapili kwa bei mara tatu alikuwa mfanyabiashara, mradi asidanganye. Kwa matamasha, sheria ya haki za walaji ya 2015 ilimtaka muuzaji wa mtandaoni aseme safu na kiti, bei ya awali, na masharti yaliyopo. Michezo ya Olimpiki ya 2012 ilipewa sheria yake, faini hadi pauni 20,000. Na Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kupiga marufuku kuuza tiketi za burudani juu ya bei ya awali.

Majirani wao wa Ireland walishafika huko. Sheria yao ya 2021 inakataza kuuza tena juu ya bei ya awali kwa matukio ya kumbi na viwanja vilivyoorodheshwa, vya kuchukua watu 1,000 na zaidi. Adhabu inafika euro 100,000 au kifungo cha miaka miwili. Japani, tangu Juni 2019, ni kifungo hadi mwaka mmoja au faini hadi yeni milioni moja, ila pale tu tiketi ilipoandikwa kuwa kuuza tena ni marufuku, mnunuzi wake katambuliwa kwa jina, na muuzaji anafanya kazi hiyo kama biashara. New South Wales ya Australia imeruhusu nyongeza ya asilimia 10 na si zaidi. Ufaransa, tangu 2012, haijali sana bei. Inamshika anayeuza kwa mazoea bila idhini ya mwandaaji, faini euro 15,000, akirudia 30,000.

Halafu njoo Marekani. Jimbo la New York liliwahi kuweka kikomo: dalali asiongeze zaidi ya senti 50 juu ya bei iliyochapwa. Madalali wakaenda hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1927, katika kesi ya Tyson dhidi ya Banton, majaji watano dhidi ya wanne waliifuta sheria ile. Walisema ukumbi wa maigizo si huduma ya umma ambayo serikali inaweza kuipangia bei. Msimamo huo ulikuja kuachwa, majimbo yakaruhusiwa kuweka vikomo, na mwaka 2007 New York yenyewe ikaondoa kikomo chake kwa hiari. Leo pale kinachohitajika kwa dalali ni leseni na ukweli.

Kwa hiyo kijana wenu akiwaambia "duniani kote ni marufuku", mwambieni ataje nchi, ataje tukio, ataje mwaka.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote: namna ya kupata na namna ya kuuza. Hapa hata nchi zisizojali faida zinafunga watu.

Februari 2020, mahakama ya Leeds iliwatia hatiani wafanyabiashara wawili wa tiketi. Mmoja alipata miaka minne, mwingine miaka miwili na nusu. Walifungwa kwa nini? Si kwa faida. Wauza tiketi waliweka ukomo, tuseme tiketi nne kwa mteja. Hawa wawili walinunua kwa majina 97, anwani 88 na barua pepe zaidi ya 290, wakitumia pia programu za kununua haraka kuliko mkono wa binadamu. Huo ni udanganyifu kwa anayeuza. Kisha walitangaza tiketi ambazo walikuwa bado hawajazipata, wakipokea pesa kwanza na kutafuta mali baadaye. Huo ni udanganyifu kwa anayenunua. Na waliuza bila kusema kwamba kwa masharti yaliyopo tiketi zile zingeweza kukataliwa mlangoni. Mahakama ya rufaa ilipitia hukumu hiyo mwaka 2021, ikaiacha kama ilivyo.

Marekani nako, sheria ya shirikisho ya 2016 ilikataza programu hizo za kuvunja ukomo. Kesi zake za kwanza zilikuja Januari 2021 dhidi ya kampuni tatu za New York. Zilifungua mamia ya akaunti kwa majina ya uongo, zikanunua tiketi zaidi ya 150,000. Adhabu iliandikwa dola milioni 31, ikapunguzwa hadi milioni 3.7 kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kulipa zote. Kuuza kwa bei ya juu? Hakukuguswa.

Je, sisi huku tuna nini? Tuna vya kutosha, ila hatuvitumii. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu: kifungo hadi miaka saba. Kenya ni kifungu cha 313, hadi miaka mitatu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuukataa mkataba. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Na anayeuza tiketi kila wikiendi anafanya biashara: leseni iko wapi, na mapato yake yanaonekana wapi kwa watu wa kodi?

Tazameni udanganyifu wa kawaida unavyofanyika, hatua kwa hatua. Muuzaji ananunua tiketi moja halisi. Anapiga picha ya msimbo wake kwenye kioo cha simu. Picha ile anaituma WhatsApp kwa watu kumi, kila mmoja kwa 25,000, na kila mmoja anaambiwa "ya mwisho hii". Picha zote kumi ni halisi kwa maana kwamba msimbo ni wa kweli. Mlangoni wa kwanza anapita, taa inawaka kijani. Wa pili taa nyekundu: imeshatumika. Anapiga simu, simu haipatikani. Kosa la muuzaji hapo si bei. Angewauzia wote kwa 10,000, bei ya dirishani, bado ni kifungu kilekile, kwa sababu amewaambia kitu anachokijua si kweli.

Aliyetapeliwa afanye nini? Asifute mazungumzo. Picha ya kioo peke yake ni dhaifu. Abaki na simu yenye mazungumzo yenyewe na ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu na jina lililotokea wakati wa kulipa. Amwombe msimamizi wa lango saa ambayo msimbo ule ulitumika mara ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba kiti kiliuzwa mara mbili. Kisha kituo cha polisi, apewe RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi; kwa Kenya, namba ya OB. Wengi wanakimbilia kuomba muamala urudishwe. Njia ile iliwekwa kwa pesa iliyokwenda namba isiyo sahihi, na tapeli huwa ameshatoa kabla hujamaliza kuandika ujumbe. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Njia ya kumfikia ni polisi kumuuliza mwenye mtandao, na polisi hawaulizi bila jalada.

Naomba nitoke kidogo kwenye kijana wa getini, maana naona tunamkimbiza yeye kila siku. Tiketi 300 za mzunguko zinapotokea mikononi mwa watu saa moja baada ya dirisha kufunguliwa, zimetoka wapi? Mara nyingi zimetoka ndani. Mtu wa ofisi ya mauzo katenga, kapokea chake, kafunga mfumo. Hilo si ulanguzi, ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa hata mtumishi wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili amsaliti mwajiri wake, na Kenya wana Sheria ya Hongo ya 2016. Waandaaji, toeni orodha ya tiketi za bure na zilizotengwa kabla ya kufungua dirisha, ijulikane ni ngapi na ni za nani. Mkiona aibu kuitoa, basi mnajua ilivyo.

Na tusijidanganye kwamba kikomo cha bei kitatibu kila kitu. Agosti 2025 kwenye CHAN, baada ya watu wasio na tiketi kulazimisha kuingia Kasarani, CAF iliagiza mechi ya Kenya na Zambia ichukue mashabiki 27,000 tu, na wote wawe na tiketi za kielektroniki. Usalama ulidai hivyo, sina ugomvi nao. Ila ukipunguza viti huku wanaotaka kuingia wakibaki walewale, thamani ya kila kiti inapanda, iwe sheria inataka au haitaki. Ukikataza kuuza tena bila kumpa mtu mahali pa kuirudisha tiketi yake, biashara inahamia kwenye magrupu ya WhatsApp ambako hakuna anayeona.

Kwa hiyo wekeni dirisha la kurudisha. Mwenye tiketi anairudisha kwenye mfumo hadi saa chache kabla ya mechi. Msimbo wa zamani unakufa, mnunuzi mpya anapata msimbo mpya, mwenye kuirudisha anapata pesa yake pungufu ya makato yaliyotajwa mapema. Ukomo uwe kwa namba ya simu na kwa njia ya malipo pia, maana laini tano zenye mlipaji mmoja ni mtu mmoja. Msimbo utolewe siku ya mechi yenyewe, si wiki mbili kabla, au uwe wa kubadilika kila baada ya sekunde kadhaa ili picha isifae. Na mwenye simu isiyo ya kupangusa muwekeeni dirisha la kadi, la sivyo mtakuwa mmemfungia mlango shabiki wa kweli. AFCON ya 2027 tumepewa nchi tatu, sisi, Kenya na Uganda. Mahali pa kuandika haya ni kwenye mikataba na wauza tiketi, na mikataba hiyo husainiwa mapema kuliko mnavyodhani.

Kuna swali liliandikwa kwenye karatasi kabla sijapanda hapa, nalo ni la mama mmoja: kanunua tiketi mbili, mume kaumwa, je, akiuza ile moja anakosea? Hapana, mama. Soma kwanza masharti uliyokubali wakati unalipa. Kama yanakataza, irudishe kwa mwandaaji. Kama hayakatazi, uza, na hata ukipata elfu mbili ya juu hakuna wa kukushtaki. Mwambie mnunuzi kiti ni kipi, kama tiketi ina jina lako mwambie, na uhamishe ndani ya mfumo badala ya kumtumia picha. Usiwauzie wawili.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naona mkono wa yule ndugu wa safu ya tatu umeinuka tangu tulipokuwa kwenye rushwa, tuanze naye.